Dobi Watatu na Katuni ya Jumapili

Jumapili hiyo picha iligoma tena.

"Mimi naona kiza," Kamba alisema kwenye simu.

"Kiza cha namna gani?"

"Kiza, Pasi. Kiza kina namna? Namsikia yule paka anatukana watu, lakini simwoni anamtukana nani."

Pasi alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, simu ameinyanyua juu ya kichwa, anageuka huku na huku kama mtu anayemfuata inzi aliyetua darini. Mumewe, fundi rangi wa majumba, alikuwa amejilaza kwenye kochi na gazeti la juzi kifuani. Alifungua jicho moja.

"Ukiendelea kupanda hivyo utafika kwenye paa. Ukifika niambie kama linavuja."

"Baba watoto, hebu ninyamazie."

"Kwangu picha ipo," ikaingia sauti ya tatu, ya Sabuni, ndogo na ya pole. "Ila msichana ameganda. Mdomo wazi tangu tulipoanza. Nadhani anataka kupiga chafya."

Kamba alicheka. Pasi hakucheka. Alikuwa anabonyeza hapa, anarudi pale, anazima, anawasha, na jasho linamteremka nyuma ya sikio. Programu waliyoitumia siku hiyo ilikuwa ile ya mikutano ya maofisini: mmoja anafungua picha kwenye simu yake, wenzake wanachungulia humo humo. Kwa mikutano labda inafaa. Ikifika kwenye katuni ilijifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa. Sauti inatoka, uso hauonekani.

"Wenzangu," Sabuni akasema, "nyie tazameni tu. Mtanisimulia."

Kidirisha chake kikazimika.

Neno hilo, mtanisimulia, lilimkaa Pasi akilini. Sabuni angetukana, ingekuwa nafuu. Angesema mmenichosha na simu zenu, wangegombana, na kesho yake wangepatana. Lakini mtanisimulia ni neno la mtu ambaye mguu mmoja umeshatoka nje, na huo wa pili anauvuta taratibu asije akawaamsha wenyeji.

Majina yao hayo hawakupewa na wazazi. Yalizaliwa kwenye chumba cha dobi cha hoteli moja kubwa, chini ya ngazi za nyuma, mahali ambapo wageni hawafiki na mameneja hufika wakipotea. Sabuni alikuwa wa mashine za kufulia. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimekunjamana kila saa kama zabibu kavu. Kamba, mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa pale, alianika nguo zisizofaa kuingia kwenye mashine ya kukaushia. Pasi alinyoosha: mashuka, foronya, vitambaa vya meza, mashati ya wageni wenye haraka. Sasa alikuwa amebaki peke yake kati ya wale watatu. Kamba alipata kazi ng'ambo, kwenye hoteli ambayo baridi yake, alisema, inaingia mpaka ndani ya kabati. Sabuni alirudi mji wa kwao kumtunza mama yake, ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka moja moja, kama vifungo vya shati kuukuu.

Zile katuni za Kijapani, ambazo wapenzi wake huziita anime, aliyezileta ni Kamba. Alizikuta kwenye simu ya binti yake, akazitazama ili apate sababu ya kumgombeza. Sababu hakuipata, akapatikana yeye. Ikatokea kwamba sehemu moja ya katuni na mzunguko mmoja wa mashine ya kukaushia vinakaribiana urefu. Basi mashuka yakishaingia, simu iliegemezwa kwenye ndoo ya sabuni ya unga, na wanawake watatu wazima, mmoja wao mwenye wajukuu, walijipanga kumtazama msichana fundi wa kengele pamoja na paka wake mwenye jicho moja, asiye na adabu hata chembe.

Lakini hawakuwahi kumaliza sehemu kabla mashine haijalia, na chanzo kilikuwa Sabuni. Mikono yake ilikuwa imelowa, hakuweza kugusa kioo. Kwa hiyo akiona jambo alisema "Shika!" na Pasi, aliyekuwa karibu, akagusa kwa kifundo cha kidole, picha ikasimama. Hapo ndipo kesi ilipofunguliwa. Kwa nini msichana amerudisha nyundo? Yule jirani mwenye pengo, ni mwema au anajifanya? Sabuni alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na kila oni lilikuja na habari ya ndugu yake fulani aliyewahi kufanya jambo kama hilo. Kutoka kwa msichana walihamia kwa shemeji wa Kamba, kutoka kwa shemeji wakamfikia meneja, na mashine ikilia paka bado kanyanyua mkia hewani, anasubiri ruhusa ya kuushusha.

Tuseme kweli: zile Shika zilimchosha Pasi. Yeye alikuwa mtu wa kumaliza. Akianza shuka, roho haitulii mpaka alifikishe upindoni. Hata kwake alitazama katuni wima, huku anakunja kitu au anapangusa kitu ambacho tayari kilikuwa kimepanguswa. Mumewe alizoea kusema kwamba siku Pasi akikaa, watu waite daktari.

Tangu watawanyike walikuwa wamejaribu mengi. Kwanza walihesabu: kila mtu na katuni yake kwenye simu yake, wakapigiana simu ya pamoja, na Kamba akasema moja, mbili, tatu, bonyeza! Lakini mtandao wa Sabuni ulichechemea. Kamba alishtuka kwanza, Pasi akajua kuna jambo linakuja, na Sabuni akacheka wenzake walipokwisha kunyamaza. Akisema Shika, mmoja alishika mapema na mwingine akachelewa, ikabidi wahesabu upya. Wakahama. Kikaja chombo cha kuunganisha kwenye kompyuta, kinachozifanya picha za watu wote zitembee pamoja. Kizuri, wanasema wenye nacho, ila Sabuni kompyuta alikuwa akiiona benki tu, kupitia dirishani. Kikaja kingine kikamwambia Kamba kwamba katuni hiyo haipatikani katika nchi aliyoko. Ndipo wakaingia kwenye hiki cha mikutano, chenye kiza.

Katikati ya wiki, Pasi akiwa kazini mbele ya pasi ya mvuke, simu ililia. Alikuwa mdogo wake Sabuni, muuzaji katika duka la viatu huko mjini kwao.

"Shikamoo, dada Pasi."

"Marahaba, mdogo wangu. Mama hajambo?"

"Yupo. Leo kaniita kwa jina la shangazi, lakini kwa upendo." Akasita. "Dada, kwani katuni zenu zimekwisha?"

"Nani kasema?"

"Dada mwenyewe. Si unajua Jumapili mchana nakaa na mama mimi, ili yeye apumzike na nyie? Sasa dukani wanataka mtu wa Jumapili, bosi kaniuliza. Nikamwambia dada. Akaniambia nenda tu, ile nafasi siihitaji tena."

Pasi aliinua pasi kutoka kwenye shati, akabaki ameishika hewani, mvuke unamfuka usoni.

"Na wewe unataka kwenda?"

"Kazi ni kazi, dada. Lakini nikwambie kitu, na usimwambie kama nimekwambia. Dada hazungumzi siku hizi. Jirani akija ni ndiyo, hapana, asante, basi. Ni zile Jumapili tu nilikuwa namsikia kupitia mlangoni, anabisha, anawasema watu wa kwenye katuni kama wapangaji waliomkosea. Nikienda dukani atabaki na mama tu, siku zote saba. Bosi anataka jibu Jumapili hii jioni."

"Jumapili hii mwambie dada yako aje," Pasi akasema. "Kila kitu kitakuwa tayari."

"Mmepata kingine?"

"Tumepata," alisema Pasi, ambaye alikuwa hajapata hata jina lake.

Kuanzia hapo hakutulia, na hata ule utulivu mdogo aliokuwa nao ulimhama. Alipiga pasi foronya moja mara mbili. Alimjibu msimamizi "Jumapili" alipoulizwa habari ya mapazia. Wakati wa chakula hakula. Alishuka barabara ya nyuma ya hoteli mpaka kwa fundi simu, kwenye kibanda chake cha kioo kilichobanana kati ya duka la vioo vya madirisha na kinyozi.

Fundi simu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye paji la uso kama jicho la akiba.

"Mama, kabla sijakupa dawa nieleze ugonjwa. Mko wangapi?"

"Watatu."

"Kompyuta?"

"Simu tu."

"Mtandao?"

"Wawili hatujambo. Wa tatu, mtandao wake unatembea na mkongojo."

Fundi akatikisa kichwa. "Haya. Na mnataka kuzungumza huku mnatazama, au mnataka kutazama?"

 Lilikuwa swali jepesi, na majibu yalikuwa mawili tu, lakini lilimkera Pasi kama kola yenye wanga mwingi.

"Kutazama," akasema. "Kuzungumza ndiko kunakotuponza. Mmoja anasimamisha, wote tunavurugika. Nataka kitu kikianza, kiende. Kisisimame."

"Basi nimekupata." Alivuta simu yake, akamwonyesha. "Hiki, unafungua chumba. Unawatumia kiungo, wanaingia. Picha haitoki kwenye simu yako, inatoka huko kwa wenye programu, inamfikia kila mtu kwa pamoja. Mwenye mtandao mbovu ataiona ina ukungu, lakini haachwi nyuma. Ufunguo unao wewe, mwenye chumba. Kuanzisha wewe, kusimamisha wewe. Mwingine akibonyeza hapati kitu mpaka wewe ukubali. Na vipaza sauti vifunge katuni ikiwa inakwenda, la sivyo simu zitarudishiana mwangwi mpaka muumwe vichwa."

"Kama sinema."

"Kama sinema, na sinema ni yako." Akagusa mahali fulani chini ya kioo. "Ipo pia namna ya kuwapa wote ufunguo, ni hapa..."

"Hiyo usinionyeshe. Ufunguo wa wote ndio ulionileta kwako."

Fundi simu alicheka, lakini alimwonyesha hata hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake.

Siku zilizobaki za wiki Pasi alikipima chombo hicho kama mtu anayenunua ng'ombe. Alimwita Kamba akiwa kwenye mapumziko yake huko kwenye baridi. Kamba akaona, akasikia, akasema haamini. Jumamosi alimfungia mumewe chumbani na simu yake, yeye akabaki sebuleni.

"Baba watoto, unaona?"

"Naona."

"Paka anafanya nini?"

"Anamtemea mate mzee mmoja."

"Hata huku! Saa hii hii! Na sasa?"

"Sasa mzee anajifuta. Mama watoto, nikuulize: huyu paka analelewa na nani?"

"Tazama, usiulize."

"Aa," mumewe akasema kutoka chumbani. "Kumbe ndivyo ilivyo sinema yako."

 Pasi alishakuwa jikoni, anajaribu kama hata huko mtandao unafika.

Jumapili ilifika. Wote waliingia bila tabu: kwanza Kamba, kajifunika blanketi mpaka mabegani, kisha Sabuni. Nyuma yake lilionekana kabati la vyombo na ncha ya kiti cha mama yake. Pasi aliwaamkia, akawapa maelekezo kama rubani, akafunga vipaza sauti, akabonyeza.

Ikaenda. Jamani, ikaenda kama maji kwenye mfereji. Rangi ziling'aa, kengele zililia, maandishi ya chini yalisomeka yote. Hakuna aliyeganda, hakuna aliyekuwa gizani. Pasi alizunguka meza na simu yake mkononi, moyo unadunda kwa furaha ya mtu aliyelitoa doa lililowashinda wengine. Lilikuwepo jambo moja tu la kuudhi: mara kwa mara chini ya kioo kiliibuka kiutepe cheusi chenye maandishi madogo, kikafunika maneno. Simu ya Pasi ilikuwa na desturi ya kumletea matangazo ya mikopo na dawa za kupunguza unene, na yeye alikuwa na desturi ya kutoyasoma. Kila kiutepe kilipoibuka alikipangusa kwa kidole gumba, upesi, kama anavyopangusa uzi kwenye shati jeusi, akaendelea.

Katika sehemu ile, yule bwana aliyemfundisha msichana ufundi wa kengele alirudi baada ya miaka mingi. Akaingia kiwandani, akamtazama msichana usoni, akamwuliza fundi wa hapa ni nani. Msichana alikuwa anampa nyundo. Paka, kwa mara ya kwanza, hakuwa na tusi. Kiutepe kikaibuka. Pasi akakipangusa. Kikaibuka tena. Akakipangusa tena.

Ikafika mwisho. Muziki ukapigwa, majina yakapita, nayo pia yakamalizika. Pasi akafungua vipaza sauti.

"Haya! Mnasemaje?"

"Picha safi," Kamba akasema. "Nimeona mpaka sharubu za paka."

"Sabuni?"

"Nzuri sana. Pole kwa kuhangaika, na asante."

 Pasi alingoja zaidi. Zamani, mashine ikilia, walikuwa bado wanapigana kwa maneno mpaka kwenye meza ya kukunjia; sasa walikaa kama watu waliotoka kwenye chumba cha mtihani, kila mmoja anaogopa kuuliza la mwenzake.

"Haikusimama hata mara moja," Pasi akasema, kwa sauti ya mwenye kuuza kitu.

"Haikusimama," Sabuni akakubali. Alitazama pembeni, mahali ambapo mdogo wake bila shaka alikuwa amesimama. "Basi nisiwacheleweshe. Huyu anataka kumpigia bosi wake. Mimi naona mwendelee wawili, Pasi. Si kwa ubaya."

"Kwa nini? Si imekwenda vizuri?"

"Imekwenda vizuri."

"Sasa?"

"Si kitu."

"Sabuni, usinifanyie hivyo. Sema."

Sabuni alichezea kona ya kitambaa cha meza. "Niliomba, ukakataa. Ndiyo hivyo tu. Nilijua unatazama."

"Uliomba nini? Nani kakataa?"

"Kushika. Nilibonyeza, ikaniandikia: mwenye chumba amekataa. Nikasema labda ni kidole changu. Nikabonyeza tena. Mwenye chumba amekataa. Basi nikaiweka simu mezani, nikawa nasikiliza tu huku napanga vikombe."

"Hata mimi," Kamba akasema. "Mara mbili. Nikasema moyoni, mwenzetu kapandishwa cheo. Asubuhi tutaambiwa tusaini daftari la mahudhurio."

Pasi, aliyekuwa anazunguka meza, alisimama.  Alikitazama kidole gumba chake kama cha mtu mwingine.

"Kile kiutepe," akasema. "Kile cheusi. Mimi nikadhani ni tangazo."

"Tangazo!"

"La mikopo."

"Ukatupangusa!" Kamba akapiga ukelele. "Sabuni, umesikia? Tumepanguswa kama vumbi la dirishani!"

Sabuni alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la adabu, na Pasi aliliona. Mtu aliyeandikiwa amekataa mara mbili haponi kwa kuambiwa ilikuwa bahati mbaya. Na nyuma ya Sabuni mlango ulilia, mdogo wake akauliza, "Dada, nimpigie sasa?"

"Asipige!" Pasi akasema kwa sauti kubwa hata mumewe akaketi. "Sabuni, uliomba wapi?"

"Imeshapita, mwenzangu."

"Haijapita, nairudisha. Uliomba wapi?"

"Acha, Pasi. Nilitaka kusema upuuzi tu."

"Upuuzi wa wapi? Kiwandani? Bwana anapoingia?"

Alikuwa anairudisha nyuma wakati ule ule. Majina yakapanda yalikotoka, paka akatembea kinyumenyume, bwana akatoka mlangoni kwa kisogo. Kila akikosa alikwenda mbele mno, kisha nyuma mno.

"Hapo?"

Pasi akasogeza tena.

"Hapa?"

"Mbele kidogo," Sabuni akasema polepole, kama mtu anayevutwa mkono. "Bado... bado... Shika."

Pasi akashika. Bwana alikuwa amesimama mbele ya msichana, mdomo umeanza kuuliza.

"Nyie mtasema huyu bwana hamjui binti," Sabuni akaanza.

"Hamjui," Kamba akasema. "Kamwuliza fundi ni nani! Mzee hana shukrani."

"Wewe umetazama mdomo. Tazama mkono. Nyundo anayoipokea kwa huyo binti ameishikia wapi? Katikati. Kule mwanzoni si alimpiga kofi mkononi akimfundisha kushika katikati? Na binti anampa akiwa ameigeuza mpini mbele, kwa kuwa anajua atakavyoipokea. Mdomo haumjui. Mkono unamjua."

"Labda mchoraji kachora tu," Pasi akasema, kwa mazoea.

"Mchoraji hachori tu! Wewe kila siku mchoraji kachora tu!" Sauti ya Sabuni ilikuwa imepanda. Akavuta pumzi, akasogeza simu karibu. "Juzi mama alinifukuza jikoni. Aliniita mwizi wa vijiko, akaniambia atamwita baba yake, ambaye alikufa mimi sijazaliwa. Nikatoka. Nikasema nikaanue mashuka angalau. Nimeingia nayo, nimelitandaza moja nianze kulikunja, nikahisi limevutwa. Naangalia, mama kashika ncha zile mbili. Ananisubiri. Tukalikunja, ncha kwa ncha, akanijia mpaka tukakutana vidole, akanikabidhi, akashika la pili. Hanijui mimi ni nani. Lakini anajua shuka ni la watu wawili."

 Pasi alijikuta amekaa kwenye mkono wa kochi, kisha akasimama tena.

"Hukutuambia," akasema.

"Ningewaambia saa ngapi? Niliomba."

"Kwa hiyo mama yako," Kamba akasema, na sauti yake ilikuwa imeloa kidogo, "ana akili kuliko meneja wetu. Si yule alitaka mashuka makubwa tukunje mmoja mmoja ili kubana matumizi?"

"Kubana matumizi! Kamba, wewe ulijifunga lile shuka kiunoni, ukaanguka nalo kwenye kapu!"

"Sikuanguka, nilivutwa!"

"Na nani?"

"Na shuka!"

Wakacheka, na simu zikarudishiana mwangwi kama alivyoonya fundi simu, kicheko kimoja kinakuja mara tatu, na safari hii hakuna aliyejali. Kutoka kwa meneja walihamia kwa yule mgeni aliyeoshea samaki kwenye beseni la kunawia. Kamba akaeleza jambo la hoteli yake ambalo hakuwahi kulieleza, kwamba huko hazungumzi na mtu kutwa nzima, wenzake wote wana vitu masikioni. Alilisema kwa mzaha, kisha mzaha ukamwishia katikati. Sabuni alimwuliza maswali. Sabuni, ambaye siku hizi husema ndiyo, hapana, asante.

Pasi, huku anasikiliza, alikuwa anahangaika na kioo. Alitafuta pale fundi simu alipomwonyesha apende asipende, akapata, akabonyeza: ufunguo kwa wote. Papo hapo Kamba aligusa kwa bahati mbaya, bwana akaruka mbele ya mlango. Sabuni akamrudisha nyuma mno, msichana akawa mtoto. Pasi akawarudisha kiwandani, lakini picha ikaingia kiza kwa Kamba.

"Sasa umekiharibu," Kamba akasema.

"Nimekiharibu," Pasi akakubali. "Jumapili ijayo kitakuwa hivi hivi. Kila mtu ana mkono wake. Atakayeshindwa kuona atasimuliwa pale pale, si baadaye."

"Na ukichoka na Shika zangu?" Sabuni akauliza. Aliuliza huku anacheka, lakini alisubiri jibu.

"Nitachoka," Pasi akasema. "Nilichoka miaka yote. Nilikwenda wapi?"

Nyuma ya Sabuni kitu kilisogea. Mama yake alikuwa ameinuka kwenye kiti, mwanamke mdogo mwenye sweta lililofungwa vifungo upande, akaja akainama juu ya simu, uso wake ukajaza kidirisha chote.

"Hawa ni nani?" akauliza.

"Ni wenzangu wa kazi, mama. Wanakuamkia."

"Shikamoo, mama!" wakasema wawili kwa pamoja, mmoja kutoka gizani.

"Marahaba. Na huyo mwenye nyundo?"

"Ni fundi, mama. Fundi wa kengele."

"Mbona hagongi?"

"Tumemshika kidogo."

Mama akaitafakari habari hiyo, akavuta kiti, akakaa. Mdogo wake Sabuni akaingiza kichwa mlangoni, simu sikioni, amefunika kipaza sauti kwa kiganja. "Dada, bosi yuko hewani. Nimjibu nini?"

"Mwambie atafute mtu mwingine wa Jumapili," Sabuni akasema bila kugeuka. "Sisi hapa hata nusu hatujafika. Kamba, hebu endelea. Hao wenye vitu masikioni, chakula wanakulaje, nako hawasemeshani?"

Kamba akaendelea. Mumewe Pasi alikuwa amesinzia tena. Msichana na yule bwana walisimama pale pale kiwandani, nyundo kati yao, na hakuna aliyekuwa anawatazama. Pasi alizunguka meza, akaenda jikoni, akarudi. Kidole gumba kilikuwa kinamwasha. Sehemu ilikuwa imebaki kidogo tu, ingekwisha mara moja. Akakiingiza mfukoni, akakikunjia humo, akasema, "Ngoja, Kamba, hapo sijakuelewa. Rudia."